Unywele Mmoja Shavuni

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Nimesimama mbele ya kioo, uso mzima povu, naharakisha kunyoa ili niwahi msikitini. Unywele mmoja ukang'oka kwenye brashi ukanata shavuni. Nikautoa kwa ncha za vidole, nikauinua kwenye mwanga wa dirisha.

Ncha yake ilikuwa imepasuka.

Haikuwa imepasuka kwa kuchakaa. Ulikuwa umegawanyika mara tatu, shina moja limetoa vijitawi vitatu vyembamba, kama mzizi wa mchicha uliong'olewa sasa hivi. Nikang'oa mwingine, nao vilevile. Wa tatu nao vilevile. Nikanawa uso kabla sijapitisha wembe upande wa pili, nikaenda msikitini shavu moja limenyolewa na jingine lina ndevu za siku nne.

Brashi ile ilikuwa ya babu. Mpini wa mti ulioiva rangi kama kahawa, pete nyembamba ya shaba shingoni, nywele za rangi ya majani makavu. Kwa mwezi mmoja na nusu nilikuwa nikiisifia kwa kila aliyekubali kunisikiliza, na nilikuwa nimeshaandika nusu ya makala ya kueleza kwa nini nywele za asili zinaishinda nailoni kwa kupiga povu.

Makala ile sikuimaliza.

## Nilihukumu kabla ya kupima

Nilirudi kwenye brashi kwa sababu ya shingo. Wenye nywele za kipilipili wananielewa: unanyoa leo, keshokutwa ndevu zimejikunja zikaingia tena ngozini, shingo nzima vipele. Povu la kopo hukaa juu juu. Brashi inaingia mpaka kwenye mashina, inainua ndevu, inazilowesha zikalainika, na wembe unapita bila kukwaruza. Baada ya wiki tatu za brashi shingo yangu ilitulia, na tangu hapo nikaanza kujali kitu ambacho zamani ningekipita dukani bila kugeuka.

Nikawa na brashi tatu. Ya babu niliikuta ndani ya kopo la maziwa ya unga tulipokuwa tukipanga vitu vyake. Mbili aliniletea binamu yangu alipokuja likizo kutoka Muscat: moja ya singa za farasi, kazi ya Uturuki, na nyingine ya nyuzi za kiwandani. Kwa usahihi nyuzi hizo ni jamii ya polyesta, lakini nyumbani kwetu kila uzi usiotoka kwa mnyama wala mmea ni nailoni, nami nitaiita hivyo.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu habari ya nyuzi si habari ndogo. Babu alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani, na hapakuwa na nchi duniani iliyotufikia. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka. Kulikuwa na sababu nyingine pia, utaifishaji wa 1967 na usimamizi uliofuata, lakini babu alitaja moja tu. Akiona mtu amefunga mzigo kwa kamba ya plastiki ya buluu alikuwa akiigusa kwa kidole, anasema, "Hii haina mzizi."

Kwa hiyo nilipoziweka brashi tatu mezani nilikuwa na upande wangu tayari. Nilitaka nailoni ishindwe. Wakati ule nisingekubali kusema hivyo, ila sasa nakubali.

## Povu lililoanguka

Njia yangu ya kupima ilikuwa nyepesi. Sabuni ileile ngumu, bakuli lilelile la udongo, mizunguko 30 juu ya sabuni, kisha mizunguko 60 bakulini. Povu zuri la kunyolea haliwi na matundu makubwa kama la kufulia. Linatakiwa kuwa kama tui zito la chujio la kwanza: linang'aa, ukiinua brashi linasimama kidogo kisha linainama.

Brashi ya babu ilikuwa inataka adabu. Ukiianza kavu inakunyima. Nywele za aina ile zinakunywa maji ndani kwa ndani, kwa hiyo usipoilowesha kwanza itayanywa maji ya povu lako katikati ya kunyoa, na povu litakukaukia shingoni. Nilikuwa naiacha kwenye kikombe cha maji ya moto dakika kumi huku nakunywa chai. Baada ya hapo ilikuwa inaniridhisha kabisa. Ilisugua kwa nguvu, povu likapanda, likasimama.

Nailoni ilinitia aibu siku ya kwanza. Niliilowesha kwa mazoea yaleyale, nikaizungusha juu ya sabuni, maji yakanichuruzikia mpaka kwenye viwiko. Nyuzi zake hazinywi hata tone, maji yanakaa katikati yake tu, na ukizikandamiza yanatoka yote kwa pamoja. Siku zilizofuata nikajifunza kuikung'uta karibu ikauke kabisa, kisha kuongeza maji matone machache machache. Uchuruzi ukaisha.

Lakini povu bado lilikuwa linaanguka. Linapanda vizuri, nikifika shavu la pili limekuwa jembamba, la kijivu, na kwenye kuta za bakuli kuna utando wa kunata. Siku tano mfululizo hali ikawa hiyohiyo. Nikaandika kwenye daftari: "Nailoni inapiga povu la haraka lisilo na nguvu." Niliona nimepata nilichokuwa nakitafuta.

## Ncha tatu

Ule unywele wa Ijumaa niliuweka ndani ya bahasha. Jioni nikatafuta habari za nywele za brashi, na jibu halikunichukua hata nusu saa. Wanaotengeneza brashi wanasema singa za nguruwe ndizo zinazopasuka ncha kadiri zinavyotumika, na ndiyo maana brashi ya aina hiyo hulainika kwa umri: unywele mmoja mnene unageuka vijinywele vitatu laini. Ni sifa yake. Ni kitu ambacho mnunuzi anakisubiri kwa hamu miezi kadhaa.

Nilisoma sentensi ile mara mbili.

Kumbe lile neno "bristle" tunaloliona kwenye mabrashi ya rangi madukani kwa kawaida maana yake ni singa za nguruwe. Malaysia wana sheria inayodai bidhaa yenye sehemu ya nguruwe iandikwe wazi, na mwaka 2017 maofisa wao walikamata maelfu ya mabrashi ya rangi kwa shaka hiyo. Kwetu yananing'inia tu dukani karibu na misumari.

Wiki nzima iliyofuata sikunyoa. Hofu yangu kubwa haikuwa uso wangu, uso unaoshwa. Niliyemfikiria ni babu, mtu aliyesali sala tano maisha yake yote, aliyekuwa akitoka bafuni ananukia sabuni na kwenda moja kwa moja kwenye mkeka. Kama alinyolea brashi ile miaka 40, ilikuwaje? Swali lilikuwa halina faida kwa mtu yeyote, yeye ameshatangulia mbele ya haki, lakini lilikuwa linaniamsha usiku.

Nilimwendea ustadhi aliyenifundisha chuoni utotoni. Nikamwekea brashi mbele yake juu ya gazeti.

"Wewe ulijua?"

"Sikujua, ustadhi."

"Na mzee alijua?"

"Sidhani."

"Basi lililopita limepita. Sasa umejua."

Kisha akanieleza taratibu, kama zamani. Kwa madhehebu yetu ya Shafi nguruwe ni najisi nzito, na kilichogusana naye kwa unyevu kinaoshwa mara saba, mara moja kwa maji ya udongo. Wafuasi wa Imam Malik wana kauli nyingine kuhusu nywele, akanitajia ili nijue kwamba wanazuoni wamelijadili kwa kina, si ili nichague lililo jepesi. Singa za farasi zilizokatwa akiwa hai hazina tatizo, kwa sababu nyama yake kwetu ni halali. Nikamuuliza na kuhusu brashi za bei kubwa, zile za mnyama wa Ulaya na China aliye jamaa wa nyegere wetu. Akasema huyo haliwi, na nywele zake zikishaachana naye hazina tohara kwa kauli yetu. Waingereza wenyewe wanamlinda mnyama huyo kwa sheria ya mwaka 1992, na nywele zinazouzwa leo nyingi zinatoka China. Sikumtafuta tena.

Nilirudi nyumbani nikaosha bakuli, kikombe, kioo, mikono yangu. Mara saba. Udongo niliuchota chini ya mwembe.

## Farasi na kimeta

Ikabaki ya farasi, na moyo wangu ukahamia kwake haraka mno. Bado ni unywele wa kweli, nikajiambia. Ni tohara, wala mnyama hachinjwi kwa ajili yake, anakatwa nywele za mkia na shungi tu.

Ilikuwa nzuri. Nasema kwa haki. Inanasa maji ya moto na joto linabaki ndani yake, ukiipitisha shingoni asubuhi ya baridi unasikia kama kitambaa cha moto. Inasugua kuliko nailoni, inalainika kuliko nguruwe.

Lakini nilishaonja adhabu ya kutumia kitu bila kukijua asili yake, kwa hiyo safari hii nilisoma kwanza. Nikakutana na vita vya kwanza vya dunia. Nywele za yule jamaa wa nyegere zilikuwa zikipita Ujerumani kutayarishwa, vita vikakata njia hiyo, watengenezaji wakaingiza singa za farasi kutoka Asia na kuzifananisha nazo. Baadhi zilikuwa na mbegu za kimeta, ule ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu. Askari walitakiwa wanyoe uso vizuri, kwa usafi na ili barakoa ya gesi ikae sawa, na kila mwenye brashi mbovu alijipaka kimeta kwenye michubuko ya wembe kwa mkono wake mwenyewe. Waliougua, askari wa Uingereza na Marekani pamoja na baadhi ya raia, walizidi 200. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani.

Aliyewahi kuishi na wafugaji hahitaji kuelezwa kimeta ni nini. Mbegu zake zinakaa ardhini miaka na miaka. Singa za leo husafishwa kwa joto na dawa kabla ya kufungwa, sikuitupa brashi yangu. Ila niliichemsha kwanza, na singa chache zikang'oka.

Nyuzi za kiwandani zilinufaika na hofu za namna hii. Nailoni iligunduliwa mwaka 1935 kwenye maabara ya DuPont, kampuni ya Marekani, na mwaka 1938 bidhaa yake ya kwanza kuuzwa haikuwa soksi wala kamba. Ilikuwa mswaki. Kabla ya hapo miswaki ya dukani ilikuwa ya singa za nguruwe. Nilikaa kimya nilipofika hapo. Wazee wetu wa pwani waliokuwa wakisisitiza mswaki wa mti tuliwaona wamepitwa na wakati.

## Pipa la mvua

Masika yaliingia usiku. Asubuhi mabomba yalikuwa makavu, kisima kimetibuka, na pipa chini ya mlizamu limejaa hadi kufurika. Nikachota kikombe kimoja nikachukua nailoni, maana ndiyo iliyokuwa karibu na mkono.

Mizunguko 30 juu ya sabuni. Nilipofika mzunguko wa ishirini povu lilikuwa limeshapanda juu ya ukingo wa sabuni linamwagika sakafuni.

Nikalipeleka bakulini, nikalipaka. Shavu la kwanza, shavu la pili, shingo. Halikuanguka. Nikanyoa, nikapaka mara ya pili, nikanyoa, na bakulini bado lilikuwepo la kumtosha mtu mwingine.

Nikaingia jikoni nikafunua birika. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe mnene kama ganda la yai.

Tunakaa juu ya chokaa. Mtu yeyote aliyeingia mapango ya Amboni ameona mwamba uliotuzunguka. Maji ya kisima chetu yanabeba chokaa hiyo, na chokaa ikikutana na sabuni inaishika, inaigeuza ule utando wa kunata, na sabuni iliyoshikwa haitoi povu. Maji ya bomba yanatoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Usambara, na kwenye birika la jirani anayetumia bomba peke yake ukoko ni mwembamba. Ya mvua hayana chokaa kabisa.

Nikafungua daftari. Siku zote za brashi ya babu bomba lilikuwa linatoka. Siku zote tano za nailoni, bomba lilikatika na tulikuwa tunachota kisimani.

Nilikuwa nimepima maji. Brashi sikuwa nimezipima hata siku moja.

Na jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba dalili zilikuwepo. Utando wa bakulini niliuona. Ule ukoko wa birika nimeukwangua tangu nina miaka kumi. Laiti povu lililoanguka lingekuwa la brashi ya babu, ningechunguza maji siku ileile.

## Sasa nikipima kweli

Nimerudia kwa wiki mbili na nusu, farasi na nailoni, maji ya mvua asubuhi moja na ya kisima asubuhi inayofuata.

Kwa maji ya mvua povu ni lilelile. Nilimpa mke wangu mabakuli mawili bila kumwambia lipi la brashi ipi, akashindwa kuyatofautisha siku nne mfululizo. Nailoni inafika mapema kidogo na inatumia sabuni pungufu kidogo, kwa sababu yote inayochukua inaitoa. Farasi anabaki na povu tumboni mwake mpaka umkamue. Kwa maji ya kisima zote mbili zinateseka, dawa ni kuongeza sabuni karibu mara mbili, na hapo nailoni inanisaidia kwa kuwa haifichi chochote.

Kukauka ndiko kunakoamua, hasa kwa sisi tulio pwani. Brashi ya farasi nikiiosha asubuhi, wakati wa masika, jioni ukiibana shina bado ina unyevu, na baada ya wiki nne za mvua niliona doa la kijani karibu na mpini. Nailoni inakauka kabla ya adhana ya adhuhuri.

Na mguso? Hapo farasi bado ni mshindi, sitasema uongo. Joto lile shingoni nailoni haina. Ncha zake ni laini sana, laini kama brashi ya poda, na mgongo wake unaruka kama springi: usipoikamata vizuri inakurushia povu kwenye kioo. Kwa shingo yenye vipele ulaini huo ni faida. Kwa raha ya asubuhi, ni pungufu.

Mimi natumia nailoni siku sita. Ijumaa natumia farasi, kama hakuna mvua.

## Brashi ya Mgiriki

Wiki iliyopita nilikwenda Muheza kumwona bibi, nimeibeba brashi ya babu ndani ya mfuko. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima jinsi ya kumwambia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

Nilipoitoa akaiangalia, akaigeuza upande wa mpini bila kugusa nywele.

"Hii ya yule Mgiriki. Shamba lilipochukuliwa akagawa vitu, babu yako akapata hii na saa ya ukutani."

"Ndiyo aliyokuwa akinyolea, bibi?"

"Hii? Alijaribu siku mbili tatu. Akasema ikilowa inanuka mnyama, akaiweka."

"Sasa akawa ananyolea nini?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kitu cha wazi. "Si ile nyeupe. Ya nailoni. Mpini ulipopasuka akaufunga katani, ikaendelea mpaka alipokufa."

Na hapo nikaikumbuka. Ilikuwa inakaa juu ya ukuta wa bafu la uani, nyeupe iliyoingia umanjano, na shingoni mwake uzi wa katani uliozungushwa kwa ustadi, duru juu ya duru, mwisho wake umefichwa ndani. Nilikuwa nikiushika ule uzi utotoni. Ilitupwa na makopo mengine siku tuliyosafisha chumba, na huenda mimi ndiye niliyeitupa.

"Mbona hakuitupa hii ya Mgiriki?"

"Zawadi hutupi," bibi akasema, akaniletea muhogo.

Fundi seremala wa mtaani ameshaing'oa ile mizizi ya singa kwa keekee, pamoja na gundi yake ya zamani, akanirudishia mpini mtupu wenye tundu la milimita 24. Niliuosha mara saba, ya kwanza kwa udongo wa chini ya mwembe. Jana nimegundisha ndani yake fungu la nyuzi za kiwandani, na shingoni, juu ya ile pete ya shaba, nimezungusha katani niliyopewa na bibi. Mwisho wa uzi nimeshindwa kuuficha, unachomoza kidogo. Gundi inataka saa 24. Imesimama dirishani, na nje pipa limejaa.